Mashine Iliyonyamaza

"Kinung'unikacho bado ki hai." Methali hiyo mmeisikia leo, mkacheka, sasa mnauliza ilitungwa na nani. Haikutungwa. Ilimtoka mtu kinywani kwa uchungu, kule Tukuyu, na ilikuwa hivi.

Ambwene alikuwa mwalimu wa kwaya. Mkewe Tusekile, aliyekuwa akiongoza sauti ya kwanza, alipofariki, nyimbo zao za miaka ishirini zilibaki katika kompyuta moja sebuleni, iliyowaka siku zote ili wanakwaya wazisikilize kwenye simu zao. Ndani yake mlikuwa na diski mbili, moja nakala ya nyingine, na mwalimu akajiona amemaliza kazi ya kuzihifadhi.

Akaifunika kitambaa alichotarizi marehemu, kama tunavyofunika redio na makochi. Feni ya ndani ya kompyuta ikaanza kuvuma. Binti yake Atupele alipokuja likizo, hakupenda.

"Baba, joto limeizidi. Ifunue, uifute vumbi, ipate upepo."

"Kitambaa cha mama yako nikiweke wapi?"

"Ukutani, baba."

"Nitaona."

Hakuona kitu. Mvumo ulimkera wakati wa sala, akaongeza blanketi. Diski nazo zikaanza kugongagonga, akalikunja blanketi mara mbili. Siku ya tatu kukawa kimya, naye akamwambia jirani kwamba mashine hatimaye imezoea.

Kesho yake, Jumapili ya kumkumbuka Tusekile, wanakwaya walijaa sebuleni wasikie sauti yake. Mwalimu akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Hakuna kilichowaka. Fundi wa Mbeya alikaa na zile diski siku nne. Zote mbili zilikuwa zimekufa, maana zilifunikwa blanketi moja.

"Hata wimbo mmoja?" mwalimu alimuuliza Atupele.

"Hata mmoja, baba. Pole."

Mwalimu aliposema tena, hakuzungumzia nyimbo.

"Mama yako alilalamika kifua wiki nzima. Nikamwambia apunguze kulalamika, apumzike. Siku ile ya mwisho akanyamaza, nikashukuru kwamba amepata nafuu. Nikaenda zangu mazoezini."

Atupele hakujua hilo. Alitaka kumlaumu, lakini akamshika baba yake mkono tu.

"Kinung'unikacho bado ki hai, mwanangu," alisema mwalimu. "Mimi nilikuwa nautafuta ukimya."

Basi mwenzenu akiwachosha kwa malalamiko, mwacheni aseme, na mmsikilize. Kinung'unikacho bado ki hai.