Komeo kwa Mdogo, Mtutu kwa Mkubwa

“Ukitoboa hapo, kaka, umemzika baba mara ya pili.”

“Baba kazikwa mara moja, na mimi nilishika koleo. Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa pembeni unanong’ona na mgeni.”

“Alinisalimia tu.”

“Salamu gani ya saa nzima?”

Wapendwa, hao ni ndugu wawili, baba mmoja na mama mmoja. Wamesimama nyumbani kwa mkubwa, na mezani katikati yao imelala bunduki. Ni bunduki ya marehemu baba yao, ya zamani sana, yenye kitako cha mbao nyeusi na komeo la kuvuta kwa mkono. Komeo ni kile chuma cha nyuma kinachosukuma risasi iingie. Bila komeo, bunduki ni bomba. Naomba mlishike hilo.

Mkubwa alitaka kuifunga darubini, ile ya kulengea mbali. Alikuwa na sababu. Shamba lao la mahindi lilikuwa chini ya mlima, na mlimani kulikuwa na nyani. Mnawajua nyani. Wakimwona mama shambani wanaendelea kula. Wakimwona baba wanasogea kidogo. Wakiiona bunduki wanapanda kukaa kwenye mwamba wa mbali, wanajikuna, wanasubiri uchoke. Na macho ya mkubwa yalikuwa yameanza kumwonyesha nyani wawili pale alipokaa mmoja. Alisema, nipate darubini, nimwangushe yule dume mmoja anayewaongoza, wengine watahama. Lakini darubini haikai hewani. Lazima utoboe chuma cha juu kwa drili, uifunge kwa skrubu.

Mdogo hakutaka kusikia habari ya drili. Yule mgeni wa msibani alikuwa mtu wa kukusanya bunduki za kale. Aliitazama ile ya baba yao na grisi yake yote, akamwambia mdogo, “Msiiguse. Bunduki ya namna hii ambayo haijatobolewa ina bei ya pawatila. Ikitobolewa tundu moja, ni chuma kama vyuma vingine.” Pawatila, wapendwa, lile trekta dogo la kusukuma kwa mikono. Mdogo alikuwa akilima kwa jembe la mkono na mgongo umeanza kumkatalia. Naye alikuwa na sababu.

Mnaona? Hakuna mwizi hapa. Mmoja anataka kuokoa mahindi ya mwaka huu, mwingine anataka kulima vizuri mwaka ujao. Wangeweza kukaa wakazungumza. Kwa nini hawakuzungumza?

Kwa sababu kila mmoja alikuwa ameshajua moyo wa mwenzake. Au alidhani anaujua. Mkubwa alijisemea, huyu hataki itobolewe ili aiuze kimyakimya, siku moja nitakuta kasha tupu. Mdogo alijisemea, huyu anataka kuitoboa ili isinunuliwe na mtu yeyote, ibaki yake milele, maana leseni imeandikwa jina lake. Na mtu akishaujua moyo wa mwenzake kwa namna hiyo, kila kitu kinakuwa ushahidi. Mwenzake akinyamaza, anaficha. Akicheka, ameshapata mteja. Akimletea ndizi, kuna kitu anataka.

Siku ile wakiwa wanabishana, mama yao alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa amevaa koti la marehemu na kofia yake, kama wafanyavyo akina mama wa kule wakienda kulinda shamba, ili nyani wadhani ni mwanamume. Akasema, “Wanangu, hiyo bunduki…”

“Mama, hayo tuachie sisi,” alisema mkubwa.

“Nenda shambani, mama,” alisema mdogo. “Wanashuka saa hizi.”

Hilo tu ndilo walilokubaliana siku hiyo. Mbona hawakumsikiliza? Mkubwa aliona mama anampenda mno kitinda mimba. Mdogo aliona mama anakula chungu cha mkubwa, atasema nini zaidi ya anayoyataka mkubwa? Mama akashika kopo lake la kupiga kelele, akaondoka.

Ndipo wakapata akili, wakaiita akili. Wakasema tugawane. Mkubwa abaki na mtutu na kitako. Mdogo achukue komeo. Asiye na komeo hawezi kufyatua, asiye na mtutu hawezi kuuza. Kila Jumapili wakitoka ibadani walikutana nyuma ya nyumba, mmoja anafungua gunia, mwingine anafungua kanga ya mke wake, wanaonyeshana. “Langu hili.” “Langu hili.” Wanafunga, wanaagana kwa amani ya Bwana.

Msicheke sana. Ngojeni.

Tangu baba afe, bunduki ile haikusafishwa hata siku moja. Kuisafisha lazima uifungue, na ukiifungua mwenzako atasema unabadilisha vyuma. Kwa hiyo grisi ya marehemu iliganda juu yake, ikashika vumbi, ikawa nyeusi kama lami. Huku nyani wakashuka kila siku, mistari ya juu ikaisha, wakaanza ya katikati. Mama akapiga kopo mpaka likapasuka. Siku moja yule dume akamfuata, akalivuta koti kwa nyuma, mama akaanguka juu ya mkono wake. Nyani walikuwa wamekwisha kujua kuwa ndani ya koti hamna mwanamume. Wanaume walikuwa nyumbani, wanalindana.

Mama alipofungwa mkono, ndugu wakaona aibu. Wakasema twende wote mjini kwa fundi wa bunduki, yeye aamue. Wakaenda kwa miguu, mwenye mtutu mbele, mwenye komeo nyuma. Waliokutana nao njiani walidhani askari anampeleka mtu kituoni, ila hawakujua yupi ni askari.

Fundi alikuwa mzee mfupi, miwani imefungwa kwa uzi. Akaigeuza bunduki mara moja.

“Nani aliisafisha mara ya mwisho?”

Mkubwa akamtazama mdogo, mdogo akamtazama mkubwa.

“Basi mmeniletea grisi yenye bunduki ndani.”

Akachukua tambara na mafuta ya taa, akaanza kusugua. Mdogo alimkodolea macho fundi, asije akatoboa. Mkubwa alimkodolea macho mdogo, asije akakonyeza. Grisi ikatoka, chuma kikaonekana. Na juu ya chuma, pale pale walipokuwa wanapagombania, vikatokea vidoa vinne vya mviringo, kila kimoja kama punje ya mtama.

“Hii iliwahi kufungwa darubini,” alisema fundi. “Matundu haya hapa. Yamezibwa kwa skrubu na kupigwa tupa.”

Sasa ninyi mnadhani ndugu hao walisema nini? Walicheka? Walishikana mikono?

“Nilijua,” alisema mdogo. “Umeshatoboa kwa siri.”

“Mimi? Wewe ndiye uliyeziba, ili ukamdanganye yule mgeni wako.”

“Nimezibaje na mtutu unalala chini ya kitanda chako?”

“Na mimi nitoboe ya nini, komeo liko kwenye kanga ya mkeo?”

Fundi akaweka tambara chini. “Sikilizeni. Skrubu hizi zimeshikana na chuma kwa kutu. Zina umri kumshinda huyu mdogo, na labda na wewe mkubwa. Kwa mkusanya vitu vya kale, bunduki hii iliharibika zamani. Hakuna pawatila hapa. Na kwa mtu mwenye nyani, matundu yako tayari. Hakuna cha kutoboa. Sasa niambieni, mnagombania nini?”

Niwaache hapo kwa fundi, nirudi kwetu.

Baba zangu, mama zangu, na vijana wenzangu. Sisi tunagombania nini? Kinanda cha kwaya yetu kiko kwa mmoja na waya wake uko kwa mwingine, na wote wawili wako humu ndani. Mwezi wa tatu sasa tunaimba kwa makofi, tunasema Mungu anapokea hata makofi. Anapokea. Lakini hakututuma kugawana kinanda. Shamba la ukoo, mmoja ana hati na mwingine ana njia ya kupita. Mke anajua mume ameficha peremende kwenye mfuko gani, na mume anajua mke amezihesabu. Tunaishi vizuri, hatujaibiana chochote, na hakuna kinachofanya kazi.

Nanyi sasa hivi, nimesema kinanda, mmegeuka kuwatazama wale wawili. Mmeanza kuwachunguza. Basi mtazame aliyekutazama wewe. Anadhani ni wewe.

Shaka inatwambia kwamba inatulinda. Inasema, ukifumba macho utaibiwa. Kweli, wezi wapo, sikatai. Lakini ndugu wale hawakuibiwa na mtu. Walitazamana usiku na mchana, na kitu kimoja tu hawakukitazama, ni bunduki yenyewe. Siku moja ya kuaminiana, saa moja ya kukaa na tambara na mafuta ya taa, mmoja akishika huku na mwingine akisugua kule, ingewatosha. Wangeyaona matundu. Mdogo angejua hana cha kupoteza, mkubwa angejua hana cha kuharibu, na mahindi yangekuwepo. Tutamsafishia nani kitu, sisi, kama kila tukigusa tunaulizwa unabadilisha nini? Na nani atatwambia tusiyoyajua, kama kila anayefungua mdomo tumeshampangia upande?

Maana yupo aliyejua. Nimewaficha mpaka sasa.

Ndugu wale walirudi jioni jua likiwa bado juu ya mlima, safari hii wakitembea sambamba, kwa kuwa hakukuwa tena na cha kulinda. Walipita shambani kwanza. Siku nzima hapakuwa na mwanamume wala koti la mwanamume. Mabua yalikuwa yamelala chini, magunzi yametupwa kila mahali, na kule kwenye mwamba nyani walikuwa wanajikuna wameshiba.  Ndugu wakapanda nyumbani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, koti limechanika mgongoni, mkono umefungwa kwa kipande cha shuka. Mkubwa akamwonyesha vile vidoa vinne kwenye chuma.

Mama akavitazama, akasema, “Nilimshikia mtutu mimi, baba yenu alipokuwa anayatoboa. Alipoacha kuwinda akayaziba, na darubini akaiweka darini, iko humo mpaka leo ndani ya blanketi lake. Nilikuja mlangoni hapa kuwaambia. Mkanituma shambani, nikaenda.”