Pete Ndani ya Kashata

Hapo zamani, enyi mnaojua kuamua kesi za nyumba za watu, Mwanahawa alikuwa akipika kashata za harusi yake. Alizitia mzingefuri zikawa nyekundu, nyekundu kweli. Alipomaliza akatazama kidole: pete ya marehemu mama yake haipo! Alilia, maskini, maana mama hakumwachia kingine.

"Atakayenirudishia," akaapa mbele ya wote, "mwanangu wa kwanza nitampa jina lake!"

Kashata zikavunjwavunjwa. Hamna kitu. Bi Raya, mtia rangi ukili wa mikeka, akaitazama midomo ya Shangazi Mboja.

"Shangazi, umekula kashata?"

"Mimi? Huu wekundu wa tambuu!"

Bi Raya akamfuta kwa maji, rangi ikakaa. Akamfuta kwa mafuta ya nazi. Kitambaa kikawa rangi ya chungwa.

"Mzingefuri haujali maji, shangazi, hukubali mafuta. Tambuu gani hiyo?"

Shangazi akainama. Aliiba moja tu, na mwizi hatafuni, humeza.

Ndipo Bi Chausiku, mpika mafuta, akaleta kikombe cha mafuta ya mbarika, mazito kama asali.

"Kunywa, shangazi. Haya hayakai tumboni, wala hayaachi kitu kikae."

Shangazi akanywa. Mara akakamata kanga zake, huyo, migombani!

Sasa nani amfuate? Kila mtu akakumbuka ana kazi kwake. Akaenda Jokha, dada wa bwana harusi, ambaye na Mwanahawa hata salamu ilikuwa shida. Akaziba pua, akashika kijiti. Akarudi na pete, imeoshwa kwa ndimu.

Harusi ikawa, na mwaka haukuisha akazaliwa mtoto wa kike. Siku ya kumpa jina, wakaja.

"Bila macho yangu," akasema Bi Raya, "mngejua imo tumbo gani?"

"Kujua si kutoa," akasema Bi Chausiku. "Bila mafuta yangu ingezeekea humo."

"Wewe ulitazama, wewe ulimimina," akasema Jokha. "Kijiti nilishika mimi!"

"Na tumbo langu je?" akadakia Shangazi Mboja. "Kunguru angeibeba! Niliitunza mimi, na nikateseka kuliko nyote!"

Mwanahawa kampakata mtoto. Tangu utoto alitaka binti yake aitwe kwa jina la yule marehemu mama yake, na kiapo ameapa kwa mdomo wake mwenyewe.

Haya, nyie mnaocheka: nani alistahili? Mtoto huyu tumwite nani?