Sange, Kiboko na Komeo la Ghala

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na mlango!
— Ukafungwa!
Ukafungwa kwa ndani ama kwa nje?
— Tuambie wewe, sisi masikio tunayo!

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole.

Ndani ya kompyuta moja ya ofisi palikuwa na nchi ndogo iitwayo Kokwa. Msiniulize niliingiaje. Nchi hiyo ilikuwa na uwanja na ghala. Ghalani kulikuwa na kila kitu, lakini hakuna aliyeruhusiwa kula wala kufanya kazi humo. Kitu sharti kiletwe uwanjani, tena juu ya sinia, na masinia ya nchi nzima yalikuwa kumi na mawili tu.

Mletaji alikuwa Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu isiyojua kutulia. Fu, fu, fu! Kila kitu lazima akinuse. Mtu akitaka kitu hupiga makofi, pa! pa! Kikiwapo uwanjani anapewa. Kisipokuwapo wote huitikia, "Hakipo!" Hapo Sange hukimbia tiki-tiki-tiki, huingia ghalani na kufunga komeo kwa ndani, kwaa! Halifunguliwi mpaka kitu kiwe juu ya sinia. Mwaka mmoja Panya alilifungua kazi ikiwa katikati, mwingine akaingia, maharage yakachanganyika na misumari. Mpaka leo wapo wasio na magego.

Mgawaji wa masinia alikuwa Kiboko. Huyo alilala mbele ya mlango wa ghala, mwaaa! anapiga miayo, na masinia manne ameyalalia chini ya tumbo. Hayo ni yake. Yaliyobaki manane ndiyo ya nchi nzima.

Sasa sikilizeni mila moja ya Kokwa. Kitu kikishaguswa, kama kimetiwa chumvi au kimemegwa hata kidogo, sinia lake hupakwa mkaa ukingoni. Sinia lenye mkaa likitakiwa, kilichomo kirudishwe ghalani kwanza, maana kimekuwa kipya na hakina mwenzake. Lisilo na mkaa humwagwa tu. Kilichomo ni nakala, chenyewe bado kiko rafuni.

Na huko juu, nje ya kompyuta, alikaa Bi. Tunu, karani mwenye kidole kizito. Kokwa ikisimama kidogo alibonyeza vitufe, ta! ta! Ikisimama sana, kidole kilishuka kwenye kitufe kikubwa. Hapo uwanja wote huwa giza. Cha ghalani hubaki. Cha uwanjani hupotea, na hakuna wa kumlilia.

Siku moja Kwale akapiga makofi. Alikuwa amelalia mayai matano kwenye sinia lake, ametoka kuyataga, hayakuwapo popote pengine duniani.

"Jamani, sufi! Mayai yanapata baridi."

"Haipo!" wakaitikia.

Tiki-tiki-tiki, Sange akaingia. Kwaa! Akaipata sufi, akaikumbatia, akaita kupitia mwanya ulio juu ya mlango, "Mzee Kiboko, sinia!"

Mwanya huo ulitosha kupitisha sinia tupu kwa ubavu, basi. Kiboko akatazama huku na huku. Masinia manane yote yalikuwa na mkaa. Akalivuta la Nungu, lenye maharage ya nazi, akagonga mlango, gu! gu!

"Fungua nirudishe haya, ndipo nikupe sinia."

"Nipe sinia, ndipo nifungue."

"Fungua kwanza!"

"Nipe kwanza!"

"Kadudu wewe, nitakupaje lina maharage?"

"Nami nitafunguaje sufi iko mikononi?"

Sange anamngoja Kiboko, Kiboko anamngoja Sange, na nchi nzima inawangoja wao wawili. Aliyetaka maji hakupata. Aliyetaka moto hakupata. Huko juu vitufe vikaanza. Ta! ta!

"Sange mwanangu," Kwale akaita, "Kidole kinakuja. Mayai yangu!"

Sange akalitazama komeo. Afungue tu, yaishe? Akakumbuka misumari. Kulia nako hakukuwa na faida. Basi akafanya lile analolijua: akapanda rafu hadi mwanyani, akatoa pua nje. Fu, fu, fu.

Akanusa maharage. Akanusa jasho la Kiboko. Kisha akanusa tikiti maji. Tikiti? Akainamisha macho, akaona kingo nne zimechomoza chini ya tumbo la Kiboko, safi, hazina hata doa la mkaa. Akageuka nyuma. Rafuni matikiti manne yametulia, mazima.

"Mzee Kiboko," akasema kwa adabu zote, "naomba kuuliza kitu kidogo."

"Uliza, wewe na pua yako."

"Ulichokilalia ni nini?"

"Matikiti. Nayatunza kwa ajili ya wote."

"Umeyagusa?"

Wanyama wote wakageuka. Kiboko akavimba. Aseme ameyagusa? Wangemuuliza mkaa uko wapi, na ya wote kayala kwa ruhusa ya nani.

"Mimi! Sijagusa hata mbegu! Naapa!"

"Nilijua," Sange akasema. "Basi hayana haja ya kurudi ghalani, wenzake wako huku nawaona. Mwaga moja, nipe sinia."

Ta! ta! ta! Kivuli cha Kidole kikatanda juu ya uwanja.

"Mwaga!" akalia Kwale.

"Mwaga!" wakalia wote.

Kiboko akainuka, chwaaa! Tumbo lote limegandwa na maganda, mbegu mpaka kitovuni. Tikiti halikuwapo hata moja. Uwanja ukaangua kicheko, lakini Kwale hakucheka. Alilinyakua sinia moja, akalipitisha mwanyani kwa ubavu. Sufi ikakaa juu ya sinia, komeo likafunguka, kwaa! Sange akatoka, Nungu akaingia na maharage yake, maji yakatembea, moto ukatembea. Kidole kikasita. Kikarudi juu.

Mayai yakafunikwa. Baada ya siku zake, kwi, kwi, kwi, kwi, kwi! Watano wote, na Kwale akalia kwa furaha mbele za watu.

Tangu hapo mletaji akiwa ndani ameshika komeo, hasemi tena "Sinia!" peke yake. Husema, "Sinia, bila ghala!" na mgawaji hutafuta lisilo na mkaa. Kiboko bado ndiye mgawaji. Ila sasa anagawa akiwa amesimama.

Funzo? Lipo. Msiulizeulize maswali, wanangu. Mtazameni Sange: aliuliza mawili tu, na tangu siku ile hapati hata muda wa kujikuna, kila mtu anamwita. Kiboko ambaye hakuuliza lolote alikula matikiti manne.

Hadithi yangu nimeirudisha ghalani, na komeo nimelifunga. Mkiitaka tena, pigeni makofi.
— Pa! pa!
Aa, subirini kwanza. Sina sinia.