Mzunguko Uliobaki

Alikuwapo binti mmoja, wapendwa, wa kidato cha sita katika shule ya bweni huko nyanda za juu, kule ambako asubuhi ukiongea mdomo unatoa moshi. Alikuwa mkimbiaji wa mbio ndefu. Tangu kidato cha kwanza hakuna msichana aliyewahi kumpita.

Zikabaki mbio zake za mwisho: mita elfu tano, mashindano ya mkoa. Chuo kimoja kilikuwa kimemtuma mtu aje kutazama, na atakayeshinda angepata nafasi ya kusoma pale. Mmoja tu.

Mnadhani alifurahi? Aliogopa. Aliogopa wiki tatu mfululizo. Akiwekewa uji, anausukuma kando. Akifungua daftari, anasikia nyayo nyuma yake. Na siku yenyewe, kabla jua halijawa kali, alikuwa ameshakwenda chooni mara nne. Mwalimu wake wa michezo akamkuta nyuma ya jukwaa, ameinama, ameshika magoti.

"Mwalimu, tumbo."

"Limefanyaje?"

"Sijui. Naomba nisikimbie."

Mwalimu akachuchumaa kando yake. "Unaogopa nini hasa?"

"Baba amekuja. Hajawahi kuniona nikikimbia, na kijiji kizima ameshakiambia kwamba nimeshinda. Nikipitwa leo, nitakuwa nani?"

Mimi na wewe tungemjibu nini? Mwalimu akamshika mkono tu, akamsaidia kusimama.

Mbio zikaanza. Uwanja wa nyasi, mistari ya chokaa, mizunguko kumi na miwili na nusu. Binti akashika uongozi mapema, na haikuwa nguvu iliyompeleka mbele. Alikimbia kama mtu anayefukuzwa na mbwa. Nyuma yake alimfuata msichana mmoja mrefu wa shule nyingine. Akiongeza mwendo, nyayo za yule zinaongeza. Akipunguza, zinapunguza. Pumzi zake alizisikia karibu na shingo. Na kila alipopita mbele ya jukwaa aliliona koti la baba yake, lile la Jumapili, akageuza uso.

Alipaswa kuhesabu mizunguko. Lakini hofu haihesabu, wapendwa. Hofu inataka yaishe.

Basi zile nyayo ziliposogea zaidi, akafyatuka kwa kasi yote aliyokuwa nayo. Akamwacha yule mrefu hatua kumi, kisha ishirini. Akavuka mstari, akainua mikono juu, akaanguka magotini kwenye nyasi, machozi yakamtoka akidhani mbio zimekwisha.

Ndipo kengele ikalia.

Kengele ya mzunguko wa mwisho.

Akainua kichwa. Yule mrefu akampita, hata hakumtazama. Akapita mwingine. Akapita wa tatu. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, na wengine walikuwa wanacheka. Lile jambo lililomnyima chakula wiki tatu lilikuwa limemkuta, tena mchana kweupe, mbele ya baba yake, vibaya kuliko alivyoliwaza.

Mwalimu akaja mbio hadi kando ya mstari. Hakuruhusiwa kumgusa, binti asije akaondolewa mbioni. "Simama! Umebaki mmoja!"

"Nimeshapitwa, mwalimu!"

"Nimeona. Simama ukimbie."

Akapita wa nne. Binti akasimama.

Sasa sikilizeni. Huyu aliyesimama hakusikia nyayo tena. Nyuma hakukuwa na mtu wa kumwogopa. Akakimbia magoti yakiwa na matope, akampita mmoja, akampita wa pili, na kwenye kona ya mwisho hata waliokuwa wanacheka walikuwa wamesimama kwenye viti.

Alishinda? Hakushinda. Sitawadanganya ili mfano wangu upendeze. Alimaliza wa tatu, na nafasi ya chuo ikaenda kwa yule mrefu. Baba yake akashuka jukwaani akipenya watu, akafika, akamtazama. "Mwanangu," akasema, "umekunywa maji?"

Mwalimu alikuwa bado anaikodolea macho saa yake ya mbio. Alikuwa amempima tangu aliposimama, na siku hiyo hakuna msichana aliyekimbia mzunguko mmoja kwa kasi ile.

"Nguvu hizo ulizificha wapi?" akamuuliza.

"Sijui, mwalimu. Nilikuwa najua kwamba siku nikipitwa, nitakufa. Nikapitwa, nikakaa pale nikingoja kufa." Akafuta uso. "Sikufa. Basi nikakimbia."

Sasa tuje kwetu sisi. Wangapi humu ndani tunakimbia kwa kufukuzwa? Tunasali kwa hofu, tunalea watoto kwa hofu, tunafanya kazi kwa hofu ya siku watu watakapotuona tumeanguka. Kisha siku hiyo inafika, maana kwa wengi wetu inafika, nasi tunabaki magotini tukidhani Mungu amefunga kitabu.

Nasema na mtu mmoja aliyeketi hapa. Ndoa uliyoilinda kwa woga imevunjika. Kazi imekwenda. Jina lako limetajwa sokoni. Lile uliloliogopa miaka yote limeshakukuta, na leo asubuhi umeamka, umeoga, umekuja ibadani. Ndugu yangu, dada yangu, unamkimbia nani tena? Inuka sasa umtumikie Mungu ukiwa umeshapitwa.