Kibuyu cha Matumaini

Ukame ule ulikausha hata matope ya Kiboko, jambo ambalo lilikuwa halijapata kuonekana. Wanyama wakakubaliana kuchimba kisima kwa zamu: mmoja anashuka shimoni na jembe, wengine wanavuta udongo juu kwa kikapu na kamba, na kila mmoja anakuja na chakula chake cha mchana. Siku ya tisa aliyeshuka alikuwa Kobe.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya Sungura, na kwa sababu hiyo akapatwa ghafla na busara. Alipanda kichuguu akiwa na kibuyu mkononi, akawaambia kinachowamaliza si kiu, ni kutumaini ovyo. Kila mmoja anatumaini peke yake, kutwa kucha, mpaka anachakaa. Afadhali matumaini yote yawekwe pamoja, chini ya mlinzi mmoja.

Wakapanga foleni. Kila mnyama alipuliza pumzi kibuyuni, akasema "kesho", akaenda kulala. Simba alipuliza mara mbili, kwa kuwa tumaini la mfalme haliwezi kulingana na la digidigi. Sungura akaziba kwa gunzi. Kobe alikuwa bado shimoni, na hakuna aliyemkumbuka.

Saa ya chakula ilipofika, Sungura akawazuia kula.

"Anayekula leo haiamini kesho," alisema. "Leteni hapa. Mimi ni mlinzi tu, sina tumaini langu, kwa hiyo sina budi kula."

Mwenye njaa hana nguvu ya kubishana. Wakampa viazi, matunda, hata tikiti la mwisho la Tembo. Naona haya kulisimulia, lakini Tembo alimshukuru.

Siku tatu zikapita hivyo, wanyama wakikonda bila wasiwasi wowote. Aliyeteseka ni Fisi peke yake. Yeye aliwaza kwamba kitu kinachomnenepesha mlinzi wake hivyo lazima kina mafuta ndani. Sungura aliposinzia kwa shibe, Fisi akakimeza kibuyu kizimakizima, pamoja na gunzi lake.

Sungura aliamka akapiga yowe. Simba akaja, akalitazama tumbo la Fisi, akahukumu kwa sheria ya Sungura mwenyewe: anayelinda matumaini ndiye anayekula, na sasa mlinzi ni Fisi. Fisi akaletewa viazi vyote. Akalia machozi, maana tumboni hapakuwa na nafasi hata ya kimoja.

"Na mimi je?" Sungura akauliza.

"Wewe una zamu kisimani," Simba akamjibu.

Hapo ndipo walipomkumbuka Kobe. Wakakimbilia shimoni kwa aibu, wakichungulia kwa hofu ya kukuta gamba tupu. Kobe alikuwa amesimama ndani ya maji ya magoti, anachimba.

Simba akamwuliza alipata wapi matumaini ya kuendelea, ilhali yote yalikuwa kibuyuni.

"Matumaini gani, mkubwa?" Kobe alisema. "Niliita, hamkuitika. Nikalia kidogo. Kisha nikaona jembe bado ninalo."

Wakamvuta juu, wakamnywesha wa kwanza. Sungura wakamteremsha na jembe lilelile, na safari hii Tembo akaikalia kamba.

Jioni kibuyu kikapasuka tumboni mwa Fisi, na matumaini yote ya mwituni yakatoka kwa mlio mmoja. Walioyanusa hawakuyadai.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame.