Miti Iliyoshtakiwa kwa Kutembea

Mwaka huo bara ilikauka hata vyura wakasahau kuimba. Mito ilibaki mawe matupu, majani yakawa ya kuwashia moto, na wanyama wakafunga safari kuteremka pwani. Aliyewaongoza ni Simba, ambaye hakuijua njia lakini hakukubali mtu mwingine atangulie. Walipotea zaidi ya mara moja kwa sababu hiyo, na hakuna aliyethubutu kusema.

Mwisho wakafika Mkandaani. Hapo palikuwa na hori la bahari lililozungukwa na msitu wa mikoko, na nyuma ya msitu huo, upande wa nchi kavu, palikuwa na kisima cha maji matamu. Mwenyeji wa mahali alikuwa Bi Kaa, aliyeishi na wanawe shimoni, chini ya mkoko mmoja mkubwa. Umbo lake lilikuwa dogo, magando yake makali, na mdomo wake mkali zaidi ya magando. Lakini alipowaona wageni wanakuja ndimi nje, aliwaonea huruma, akasahau kwamba baadhi yao hula kaa.

"Karibuni, jamani, karibuni," akawaambia. "Maji yapo, na bahari ikipwa mtaokota kamba na samaki wadogo kwenye mizizi. Naomba jambo moja tu. Mikoko msiiguse. Bahari ikikasirika, hiyo ndiyo huipokea."

"Tutaiheshimu," wakajibu wote, maana mwenye kiu huitikia lolote.

Basi wakakaa. Simba alijiweka ukingoni mwa kisima, akataka kila anayekuja kunywa aseme shikamoo kwanza, naye aitikie akipenda. Fisi alikula kamba mpaka akalala palepale alipokula, kisha akaamka akaendelea. Wengine walishiba, wakanawiri, wakaanza kulalamika kwamba pwani kuna mbu.

Sungura peke yake hakuridhika. Yeye alitaka nyumba ya ghorofa ufukweni, upepo umpige, awatazame wenzake kwa juu. Boriti za mkoko alikwisha ziona: ngumu, zimenyooka, haziliwi na mchwa. Taabu ni kwamba boriti hukatwa kwa kazi, na kazi na Sungura walikuwa hawajawahi kuamkiana. Akakaa ameshika tama, akiitazama mizizi ya mikoko iliyosimama juu ya tope. Akatazama weee, halafu akacheka peke yake. Bi Kaa alikuwa mlangoni pake akichambua tope. Alikisikia kicheko kile, na hakikumpendeza.

Sungura akaenda moja kwa moja kwa Simba.

"Shikamoo, Mfalme. Umewahi kuona mti wenye miguu?"

Simba hakuwahi. Lakini hakupenda ijulikane kwamba kuna jambo hajaliona. "Nimeona mingi," akasema.

"Basi wewe si wa kufundishwa. Kwetu bara mti una adabu, mizizi yake huificha ardhini. Hebu itazame hii mikoko! Imesimama juu ya mizizi, magoti imekunja, inangoja uzubae. Inatembea, Mfalme. Na inakuja huku."

"Huku wapi?"

"Kisimani. Na anayekaa kisimani ni nani?"

Simba akavuta mkia wake karibu. Sungura akachukua fimbo, akaichomeka mchangani mbele ya mkoko wa mwisho, upande wa kisima. "Kesho tutajua," akasema. "Kama fimbo iko mbele ya mti, nitandikwe mimi. Kama mti uko mbele ya fimbo, Mfalme utaamua mwenyewe."

Alfajiri, Bi Kaa alipotoka kutafutia wanawe riziki, alimwona Sungura anakuja kwa ncha za vidole. Sungura aling'oa fimbo, akaipeleka ndani ya msitu, akaichomeka nyuma ya miti, kisha akafuta nyayo zake kwa kitawi. Akaondoka akipiga mluzi.

Kulipopambazuka baraza zima lilikuwa pale, macho yamewatoka. Mkoko uko mbele, fimbo iko nyuma.

"Wameiruka!" Fisi akapiga yowe. "Wameiruka fimbo, wanakuja kutumaliza!"

"Hakuna mti ulioruka kitu," Bi Kaa akasema kutoka nyuma. "Aliyetembea ni Sungura. Nimemwona kwa macho yangu haya akiihamisha fimbo."

Sungura akaanza kutazama njia ya kukimbilia. Lakini baraza la Simba lilikuwa na desturi yake, ya tangu enzi za babu zake: shahidi husimama mwisho wa uwanja, akaenda moja kwa moja mpaka miguuni pa Mfalme bila kupinda, na hapo ndipo maneno yake husikilizwa. Walisema mwenye kweli haoni haya kwenda nayo uso kwa uso. Kwa ukoo wa simba na punda desturi hiyo haikuwa na tabu yoyote.

"Njoo mbele," Simba akaamuru.

Bi Kaa akamkazia Simba macho, akaondoka kwa nguvu zake zote, akajikuta kwenye miguu ya Punda. Akarudi. Akaondoka tena, safari hii akaishia mbele ya Fisi, ambaye alilamba midomo. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Punda alicheka mpaka akakaa chini.

"Mfalme, umejionea mwenyewe," Sungura akasema kwa upole. "Kwenye uwanja mtupu anapinda. Maneno yake je?"

"Nendeni mkachungulie!" Bi Kaa akalia. "Tundu la fimbo ya jana bado liko mchangani, halijazibwa!"

"Maneno hayo hayajanifikia," Simba akasema, akatazama kando.

Tundu lilikuwa hatua chache tu kutoka pale, na hakuna aliyekwenda kulitazama. Bi Kaa aliona haya, kisha haya ikageuka hasira. Kuchekwa angeweza kukuvumilia. Kilichomchoma ni kwamba kila aliyecheka pale alikuwa ameshiba kwake, na wanawe walikuwa shimoni chini ya mti uliokwisha hukumiwa.

Vita vikatangazwa asubuhi hiyohiyo. Fisi alipewa ujemadari kwa sababu ya ukubwa wa sauti yake. Aliupokea kwa furaha, maana mizizi ilikuwa ikimzuia kuingiza tumbo kule waliko kamba wengi, na alijua ikiondoka hakuna atakayemzuia. Wakaivamia mikoko kwa meno, kwa kwato na kwa pembe. Mikoko haikujibu pigo hata moja, na jambo hilo likachukuliwa kuwa dalili kwamba imeogopa.

Sungura hakukata hata kijiti. Alisema ana jino linamuuma. Lakini miti ilipolala chini, alikuja mbio.

"Msiwaache mateka ovyo!" akasema. "Watafufuka, waondoke zao. Nipeni mimi niwafunge."

"Utawafunga wapi?" Simba akauliza.

"Kwangu, ufukweni. Nitawasimamisha wachache, wengine nitawalaza juu ya wenzao, ili wasipate kula njama."

Kwa hiyo mateka wakasimamishwa na kulazwa, wakafungwa kamba, wakaezekwa makuti kwa usalama zaidi, na haikuchukua muda Mkandaani pakawa na jela ya ghorofa, yenye ngazi na dirisha la kuingiza upepo. Mlinzi alihamia juu. Wanyama walipita chini wakimpa pole kwa kazi nzito.

Mti wa mwisho ulikuwa wa Bi Kaa. Alisimama mlangoni, magando juu.

"Jemadari, hapa ni kwangu. Wanangu wamo ndani."

"Ni vita, mama," Fisi akasema. "Usichukulie vibaya."

Mti ukaanguka, nusu ya shimo ikaporomoka. Bi Kaa aliwachimbua wanawe mmoja mmoja, akawabeba mgongoni mpaka chini ya jiwe lililokuwa karibu na kisima. Aliporudi kutazama, jua lilikuwa linapiga tope ambalo halijawahi kuliona jua, nalo limeanza kupasuka. Alilia siku hiyo, na hakujali nani anamwona.

Simba naye alitoa hotuba ndefu. Alisema yeye mwenyewe ameokoa kisima, na kwamba maji yake sasa yatakuwa matamu maradufu. Walimvisha kilemba cha ukoka mpaka kikamfunika macho.

Wa kwanza kushtuka alikuwa Fisi. Alishuka horini kwenda kula, akakuta tope tupu. Akachimba, akanusa, akazunguka, akarudi tumbo likimnguruma.

"Bi Kaa, kamba wamekwenda wapi?"

"Unaniuliza mimi? Walikuwa wanalelea watoto wao kwenye mizizi, kama mimi. Mmewavunjia nyumba, ulitaka wakusubiri mezani?"

"Lakini mimi niliwafungulia njia!"

"Ndiyo hiyo waliyopita."

Kisha likaja bamvua, yale maji makuu ya mwezi mpevu, na safari hii lilikuja na upepo wa kusi mgongoni. Zamani bahari ilipofika kwenye mikoko ilianza kujipenyeza mzizi kwa mzizi, ikachoka, ikafika nchi kavu imetulia. Alasiri hiyo haikukuta wa kuisimamisha. Ilipanda mchanga, ikavuka uwanja wa baraza, ikaingia kisimani, ikajaa, kisha ikarudi ilikotoka.

Wanyama wakakusanyika ukingoni. Simba akainama mbele yao wote, akanywa. Uso wake ukajikunja kuanzia masharubu mpaka masikio. Lakini hotuba alikuwa amekwisha itoa.

"Matamu," akasema.

Wakanywa wote. "Matamu," wakasema mmoja baada ya mwingine. Punda alisema ni matamu huku machozi yanamtoka. Fisi, aliyekunywa kuliko wenzake, ndiye aliyetangulia kichakani, na wengine wakamfuata kwa visingizio mbalimbali. Bi Kaa aliwatazama wakipishana njiani wameshika matumbo. Angecheka, lakini alijua kisima kile ndicho kilikuwa tegemeo la mwisho la kila aliyekuwapo pale.

Kesho yake alasiri bahari ikarudi, kubwa zaidi, na sasa iliishika nyumba ya Sungura. Haikuipiga kwa hasira. Ilichota mchanga chini ya boriti, kidogo kidogo, na boriti hazina mizizi, zitajishikiza na nini? Ghorofa ikaanza kuinama. Sungura akatoa kichwa dirishani.

"Nisaidieni! Nakufa!"

Wanyama walikuwa wamesimama juu, mahali pakavu. Simba akajitokeza mbele, akanguruma kwa sauti ya kazi:

"Waamuru mateka wakulete! Si wana miguu? Waambie watembee!"

"Mfalme, nyumba inakwenda!"

"Waamuru, nimekwambia! Walikuwa wanatembea mpaka kisimani, watashindwa kufika hapa?"

Nyumba ikalia kwaa! Sungura akaona maji yamekwisha mfika shingoni, akasahau ujanja wote aliozaliwa nao.

"Hawatembei!" akapiga kelele. "Ni miti, Mfalme! Miti haitembei! Fimbo niliihamisha mimi!"

Mara ghorofa ikalala chali horini. Sungura akaogelea mpaka ufukweni akitapika maji ya chumvi, manyoya yamemshika mwilini, akawakuta wote wamemzunguka. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa anakumbuka mti wake alioukata.

"Nimle?" Fisi akauliza. Hakuwa ameweka chochote tumboni tangu juzi isipokuwa yale maji matamu.

Simba akafikiri. Kukiri kwamba alidanganywa na kiumbe wa masikio marefu hakungewezekana kabisa. "Mimi nilijua tangu mwanzo," akasema. "Nilitaka tu nione uongo wako utafika wapi. Hutaliwa. Utabaki hapa ukipanda mikoko mpaka hori lirudi lilivyokuwa, na Fisi atakaa njiani. Siku utakayotoka kabla ya kumaliza, wewe ni wake."

Fisi akaenda kukaa njiani, akaomba Mungu Sungura awe mvivu.

Wengine wakafunga virago kurudi bara, ambako mvua ilikuwa bado haijanyesha, kwa kuwa pwani hapakuwa tena na cha kunywa. Simba akatangulia, akashika njia isiyo yenyewe. Alipopita kwenye jiwe la Bi Kaa alisimama, na Bi Kaa akadhani ataombwa radhi.

"Ungejifunza kutembea vizuri," Simba akamwambia, "tungekusikia mapema." Akaenda zake.

Bi Kaa alikuwa na kazi. Mawimbi yalileta mbegu ndefu za mikoko kutoka mahori ya jirani, naye akazikusanya, akamwonyesha Sungura pa kuzichomeka. Sungura alizama topeni mpaka kiunoni. Alipochomeka juujuu, Bi Kaa alimfinya. Mstari wa kwanza bahari iliung'oa wote, maana hapakuwa na miti mikubwa ya kuukinga. Wa pili ukabakiwa na miche michache. Wanawe Bi Kaa walichimba vishimo vyao pembeni ya miche hiyo isiyotoa hata kivuli, na mama yao alipoviona alisikia uchungu na furaha kwa pamoja.

Jua lilipokuwa utosini Sungura aliinua kichwa, midomo imempasuka.

"Bi Kaa, mama yangu, koo limenikauka. Nipatie maji nisije nikafa."

Bi Kaa akanyoosha gando kuelekea kisimani.

"Nenda kanywe, mwanangu. Mfalme alisema ni matamu."