Mtaa Uliokosa Jina

Hapo zamani, si za mababu bali za juzijuzi tu, mji wa Chamwera ulikuwa na barabara ya soko iliyosongwa na magari. Siku moja mama mjamzito alijifungulia ndani ya teksi, foleni imegoma kusogea. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Naliwa, mpangaji wa mji, akawaambia wakubwa wake: "Tujaribu. Tuzuie magari, wapite watu wa miguu, baiskeli na maguta ya magurudumu matatu. Tukishindwa, tutafungua."

"Ukishindwa, kazi huna," wakamjibu. Akakubali.

Vizuizi vikawekwa, soko likapoa. Shebughe, mwenye duka la saruji, akaja juu. Kila asubuhi alikuwa mlangoni kwa Naliwa: "Dada, saruji niibebe kichwani? Watu watembee juani hivi?" Naliwa alikasirika, lakini alisikiliza. Akaruhusu malori yashushe mizigo alfajiri. Akafunga maturubai, kivuli kikapatikana.

Hata hivyo wazee hawakuja, maana miguu iliwauma. Kidawa, muuza mkaa, alikuwa na guta la kubebea magunia. Akalisugua, akalifungia kiti na mwavuli, akampandisha mama mkwe wake hadi kwenye maduka ya vitenge. Njiani akawaita wengine: "Bibi, panda nawe!" Biashara ya mkaa akaiacha. Wazee wakarudi, wakaja na binti zao, na soko likachangamka kuliko mwanzo.

Muda wa majaribio ulipokwisha, wakazi wenyewe wakakataa magari kurudi. Ikaamuliwa mtaa upewe jina la aliyeuokoa. Watu wakakusanyika.

Naliwa akasema, "Mimi nilithubutu. Nisingethubutu, pasingekuwa na cha kuokoa."

Shebughe akasema, "Mimi nilipinga. Wenzangu walinuna majumbani, mimi nilikwambia usoni. Nisingepinga, ungejuaje panapouma?"

Kidawa akasema, "Mimi sikuthubutu wala sikupinga. Niliendesha guta. Nisingeendesha, mtaa wenu ungekuwa mzuri, tena mtupu."

Huku wakashangilia, kule wakazomea. Fundi rangi amepanda ngazi, brashi imelowa, kibao ki cheupe mbele yake. Akageuka, akauliza, "Jamani, niandike nani?"

Rangi inadondoka. Haya, ninyi mnaonisikiliza, mjibuni fundi: je, nani alistahili?